Sura ya 5: Wanamuziki wa Mfalme

Mwaka 1966 falme mbili za majirani zetu zilianguka, na watu waliokuwa wakiishi kwa kumpigia mfalme muziki wakajikuta hawana kazi. Tarehe 24 Mei jeshi la Uganda chini ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda lililoko Mengo, Kampala. Kabaka Mutesa II aliruka ukuta huku mvua kubwa ikinyesha, akakimbilia magharibi, akaingia Kongo yetu, akafika Bujumbura, na mwisho akaenda Uingereza alikofia mwaka 1969. Miezi sita baada ya Lubiri kuchomwa, zamu ikawa ya Burundi. Mwami Ntare V, kijana aliyekuwa amemwondoa baba yake Mwambutsa IV mwezi Julai wa mwaka huohuo, alikuwa Kinshasa kwenye sherehe za Mobutu za kutimiza mwaka mmoja madarakani. Mwami akiwa huko ugenini, tarehe 28 Novemba, Kapteni Michel Micombero alitangaza kwamba Burundi ni jamhuri. Rwanda ilikuwa imekwisha kumwondoa mwami wake tangu 1961.

Habari za siku hizo zimeandikwa sana kwa upande wa askari na wanasiasa. Sura hii inawafuata wengine: wapiga marimba, wapiga ngoma na wapiga vinubi wa kasri. Hao walikuwa mafundi waliojifunza tangu utotoni, wengi wao wakipewa ardhi kwa ajili ya kazi yao, na nyimbo walizozibeba vichwani zilikuwa kumbukumbu ya nchi nzima. Mfalme alipoondoka, kazi zao zilirithiwa na nani? Ninaamini kwamba zilibaki pale tu ambapo mtu fulani alikubali kufundisha nje ya ua wa mfalme. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza twende mbali kidogo, katika mji ambao Uvira yetu inaujua kwa jina. Wamisionari Wasaveriani walitoka Parma, Italia, ambako Guido Maria Conforti alianzisha shirika lao mwaka 1895. Walifika kwetu mwaka 1958, na askofu wa kwanza wa jimbo la Uvira, Danilo Catarzi, alikuwa mmoja wao. Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964 pamoja na Abbé Albert Joubert, walikuwa wa shirika hilohilo, na wote wanne walitangazwa wenye heri hapahapa Uvira mwezi Agosti 2024. Kwa hiyo mkristo wa hapa akisikia Parma, anawaza padri. Lakini miaka mia mbili kabla ya Msaveriani wa kwanza kushuka Uvira, Parma ilikuwa na mtawala wake, kasri lake, na mtunzi wa muziki aliyelipwa mshahara na kasri hilo.

Mtunzi huyo aliitwa Tommaso Traetta. Alizaliwa mwaka 1727 huko Bitonto, kusini mwa Italia, akasomea Naples katika shule ya Santa Maria di Loreto, mojawapo ya nyumba za mayatima zilizogeuka kuwa shule kubwa za muziki. Mwaka 1758 aliajiriwa Parma. Bwana wake, Duke Filippo, alikuwa mtoto wa mfalme wa Hispania aliyemwoa binti wa Louis XV wa Ufaransa, na waziri wake, Guillaume du Tillot, alitaka opera ya Kiitaliano ipate kwaya na dansi za Kifaransa. Traetta akatii, na akatii kwa ustadi. Mwaka 1759 alitoa Ippolito ed Aricia, na nyingine zikafuata. Duke akafa mwaka 1765, Traetta akafungasha. Alifundisha mabinti mayatima Venice, kisha mwaka 1768 akaenda Urusi kwa malkia Catherine II. Huko, mwaka 1772, alitunga kazi ambayo wengi wanaiona kuwa bora kuliko zake zote, Antigona, kisa cha msichana anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme. Katika masimulizi ya Wagiriki wa kale msichana yule hufa. Katika opera ya Traetta mfalme anasamehe na mambo yanaisha kwa heri. Mtunzi anayekula meza ya malkia anajua mahali pa kusimama.

Alifia Venice mwaka 1779, na kwa muda mrefu jina lake lilisikika kwa wataalamu tu. Lakini karatasi zake zilikuwepo. Mwaka 2000 ikatoka rekodi ya Antigona chini ya uongozi wa Christophe Rousset, na waimbaji ambao hawakuwahi kumwona malkia yeyote wa Urusi waliimba kila sauti jinsi Traetta alivyoiandika. Kasri lilikufa, waziri alikufa, mshahara ulikatika, na muziki haukuhitaji hata kimoja kati ya hivyo ili usikike tena.

Mafundi wa Lubiri hawakuwa na karatasi. Walikuwa na mikono na masikio, na mpango wa kazi uliokuwa mgumu kiasi kwamba msikilizaji mgeni husita kuamini anachokisikia.

Chukua amadinda. Ni marimba ya vipande 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya migomba, na vijiti vimechomekwa katikati ili mbao zisihame. Mpigaji wa kwanza anakaa upande mmoja, wa pili anamkabili ng'ambo. Wa kwanza anaanza mapigo yaliyo sawasawa, mkono mmoja ukipiga sauti ya chini na mwingine sauti hiyohiyo ya juu kwa wakati mmoja. Wa pili anaingiza mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, bila kumgusa. Ukimsikiliza mmoja peke yake, ni mstari mfupi, wa kawaida, hauna haraka. Wakiungana, mapigo yanaweza kupita 500 kwa dakika, na hapo sikio linaanza kusikia nyimbo ambazo hakuna mkono unaozipiga: sauti za chini zinajikusanya pamoja na kuwa wimbo wake, za kati wimbo mwingine. Mpigaji wa tatu anamiliki vipande viwili tu, vile vya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza wimbo unaojitokeza kwenye vipande viwili vya chini kabisa, kati ya mikono ya wenzake wawili, na kuurudia kule juu. Waganda humwita omukoonezi. Akikosea kusikia, hana la kupiga.

Mimi sijui mahali pengine ambapo kazi ya mwanamuziki ni kusikia kwanza kitu ambacho hakuna aliyekipiga.

Kulikuwa pia na akadinda, marimba kubwa zaidi ya vipande 17, na zamani 22, inayopigwa na kundi zima kwa pamoja. Kulikuwa na ennanga, kinubi cha mtu mmoja anayeimba mwenyewe, na fundi wake mkubwa katika enzi za mwisho za Lubiri alikuwa Temutewo Mukasa. Na juu ya vyote kulikuwa na entenga: ngoma 15, kati ya hizo 12 zikiwa zimepangwa kwa sauti kuanzia kubwa hadi ndogo kama marimba. Watu wanne walizipiga zile 12 kwa vijiti virefu vyembamba, na wawili wakapiga zile 3 zilizobaki. Nyimbo za kinubi na za marimba zilihamishiwa humo zikapigwa kwa ngozi. Entenga ilikuwa mali ya kasri. Hukuweza kuikuta kwenye harusi ya kijijini wala kwenye pombe ya jioni. Ilipigwa ndani ya ua wa Kabaka, na aliyetaka kuisikia alisimama karibu na ua huo.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa imejificha. Chombo kinachopigwa mahali pamoja tu duniani kinaweza kumalizwa kwa asubuhi moja. Lubiri iliposhambuliwa, vyombo viliharibiwa, na wapigaji waliosalimika wakatawanyika vijijini kwao. Mwaka 1967 katiba mpya ya Obote ilifuta falme zote za Uganda. Tangu hapo, kupiga hadharani muziki wa Kabaka kulikuwa jambo la kumfanya mtu atazamwe vibaya na serikali. Kijana wa mwaka 1970 hakuwa na sababu ya kujifunza entenga: hakuna ngoma, hakuna mlipaji, na hakuna mahali pa kupiga.

Kilichosalia kilitokana na mambo yaliyofanyika kabla ya moto. Mwaka 1950 na tena 1952, Hugh Tracey kutoka Afrika Kusini alipita Uganda na mashine zake, akawarekodi wapigaji wa kasri, entenga ikiwa mojawapo. Kampala nayo ilikuwa na Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, ambaye tangu 1948 hadi 1957 alisimamia Makumbusho ya Uganda. Makumbusho yake hayakuridhika kuweka vyombo nyuma ya kioo. Palikuwa na wanamuziki wa kuvipiga, na mmoja wao ndiye shujaa wa sura hii, Evaristo Muyinda.

Muyinda alitoka Nabbale, katika jimbo la Kyaggwe, na alikuwa mpigaji wa kasri wakati wa Mutesa II. Alijua marimba, ngoma, filimbi na zeze. Angeweza kufanya kama wengi walivyofanya, kwenda Lubiri zamu yake ikifika na kurudi nyumbani na siri zake. Badala yake alikubali kukaa makumbusho na kumfundisha yeyote aliyekuja. Alikusanya vyombo ambavyo kasrini kila kimoja kilikuwa na kundi lake na kazi yake, akaviweka katika kundi moja lililopiga pamoja. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kuchanganya mambo ya mfalme. Nawaelewa, lakini nasimama na Muyinda.

Mwaka 1959 alifika Kampala kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, akaketi mbele ya Muyinda kama mwanafunzi. Alijifunza kwa mikono, kipande kwa kipande, upande wa kwanza na upande wa pili. Kwa kuwa muziki wa Kiganda una sauti tano ndani ya kila ngazi, zilizoachana kwa umbali unaokaribia kulingana, Kubik aliziandika kwa tarakimu, 1 hadi 5. Ukurasa wa nyimbo hizo unaonekana kama hesabu za mtoto wa shule: safu ya namba za mpigaji wa kwanza, chini yake safu ya namba za wa pili. Mtu mwenye mbao 12, migomba miwili na mwenzake mvumilivu anaweza kuanzia hapo. Hivyo Lubiri ilipata karatasi zake, miaka michache tu kabla ya risasi. Nyimbo za Kabaka zikaanza kupigwa kwenye vyuo vya Ulaya, na wanafunzi wa Uganda nao wakazipata kupitia walimu waliofundishwa na Muyinda na wenzake. Albert Bisaso Ssempeke, naye mpigaji wa kasri, alifika hadi Edinburgh kufundisha. Muyinda alifariki mwaka 1993, mwaka uleule ambao Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa Kabaka na ufalme ukarudi.

Entenga ilichukua muda mrefu zaidi, na sababu yake ni ileile. Marimba ilikuwa imefundishwa nje. Entenga ilikuwa imefungiwa ndani. Ilibidi James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambaye pia alikuwa ameshughulikia bigwala, mabaragumu ya vibuyu ya ufalme wa Busoga yaliyowekwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, amtafute mzee aliyekuwa bado anakumbuka. Akampata, ngoma zikatengenezwa upya, na vijana wakaketi kufundishwa. Fikiria jinsi uzi ulivyokuwa mwembamba: mzee huyo angefariki miaka michache mapema, tungebaki na rekodi za Tracey peke yake, na rekodi haikuonyeshi mkono upi unapiga ngoma ipi.

Kuna Mganda mwingine ambaye hakungoja mgeni amwandikie. Joseph Kyagambiddwa alichapisha mwaka 1955, nchini Marekani, kitabu cha muziki wa kwao chenye nyimbo zilizoandikwa kwa nota. Kisha akatunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa ajili ya mwaka 1964, Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu huko Roma tarehe 18 Oktoba. Wengi wa mashahidi wale walikuwa vijana wa kasri, watumishi wa Kabaka Mwanga, waliouawa kwa amri yake kati ya 1885 na 1887. Yaani Kyagambiddwa alichukua muziki uliolelewa na kasri akausimamisha upande wa watoto waliouawa na kasri. Traetta katika Antigona yake hakuthubutu kufika huko.

Burundi mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hii ndiyo tunayoiona kwa macho kutoka kwetu, kwa kuwa milima yake iko ng'ambo ya ziwa. Kule ngoma haikuwa pambo la ufalme. Ngoma kuu, Karyenda, iliheshimiwa kama mfalme mwenyewe, ilikuwa na watunzaji wake na nyumba yake, na ilitolewa kwa nadra, hasa wakati wa muganuro, sherehe ya mtama ambapo mwami alifungua rasmi majira ya kupanda. Nyingine, Rukinzo, ilimfuata mwami alikokwenda. Ngoma zenyewe huchongwa kutoka mti uitwao umuvugangoma, zikavikwa ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi. Huko Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi 1908, aliacha ua wa ngoma ambao familia ya watunzaji wake imeulinda kizazi baada ya kizazi.

Serikali ya Kibelgiji na wamisionari waliubana muganuro hadi ukafifia. Kisha ikaja 1966 na mwami mwenyewe akaondolewa. Pamoja na hayo ngoma hazikunyamaza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hazikuwa kwenye kasri moja. Zilikuwa kwenye milima, mikononi mwa familia zilizokuwa na ardhi na watoto. Ya pili ni kwamba jamhuri iliona faida yake. Wapigaji wakawa wanatokea kwenye sikukuu za serikali na kupelekwa nje: wanaingia wamebeba ngoma vichwani huku wakipiga, wanazipanga nusu duara, moja inawekwa katikati, inkiranya, inayoongoza, na kila mpigaji kwa zamu anaiendea, anaruka, anapiga, anarudi. Nyuma yake kundi la amashakwe linashika mdundo usiobadilika na kundi la ibishikizo linafuata mabadiliko ya kiongozi.

Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke aliwarekodi, na sahani yake ikatolewa na lebo ya Ocora. Kutoka hapo sauti hiyo iliingia kwenye wimbo wa dansi ulioitwa Burundi Black mwaka 1971, na mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akaiweka chini ya sauti yake katika The Jungle Line. Mamilioni walilisikia jina la Burundi. Majina ya waliopiga hawakuyasikia, na hilo linaniuma. Traetta aliishi kwa kuajiriwa na wakubwa, lakini jina lake lilibaki juu ya karatasi yake.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Mwaka 2017 amri ya rais ikaweka masharti: vikundi vijisajili serikalini, na wanawake wasipige ngoma, ingawa wanaruhusiwa kucheza. Waliotetea amri hiyo walisema inalinda mila. Nionavyo mimi, hiyo ni njia ya Lubiri ya kufunga mlango, na Lubiri ilikwisha kutuonyesha mwisho wake. Wasichana wa Burundi walikuwa wameanza kuunda vikundi vyao. Kila mmoja wao alikuwa mahali pengine ambapo ngoma ingejificha siku mambo yakiharibika.

Sasa nirudi nyumbani. Territoire ya Uvira ina utawala wa kimila wa Bavira, wa Bafuliiru na wa Uwanda wa Ruzizi, na kila mmoja una mwami au nyumba ya kimwami yenye watu waliowahi kupiga, kuimba na kusifu. Vita vilivyoanzia kwetu Oktoba 1996 na ambavyo havijatuacha vimetawanya wazee hao: wengine wako mtaani Kilibula kwa watoto wao, wengine Bujumbura, wengine kambini Tanzania. Hakuna Tracey aliyewapitia wote, wala Kubik aliyeketi mbele yao. Simu zetu zinarekodi vizuri kuliko mashine alizobeba Tracey kwa lori, na tunazitumia kurekodi harusi.

Ninamwomba msomaji wa Uvira afanye jambo moja mwezi huu. Mtafute mzee mmoja wa ukoo wako aliyepiga kwa mwami, au aliyemwona baba yake akipiga. Rekodi wimbo mara mbili, mara ya kwanza wote pamoja, mara ya pili kila mpigaji peke yake, na simu iwe karibu na mikono. Uliza na uandike majina kamili ya wapigaji, kijiji, na sherehe ambayo wimbo ulipigwa. Kisha mwombe amfundishe mtoto mmoja, msichana au mvulana, na nakala uiache parokiani na shuleni, kwa sababu simu huibiwa na nyumba huchomwa.